Mistari, Safu na Sura ya Kisanduku: Historia Fupi ya Jedwali katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa makarani na walimu wa kompyuta, nalo ni sura ya kisanduku katika jedwali. Kwa neno "sura" tunakusudia mambo yote yanayomfanya msomaji aione namba au jina kwa namna fulani: mistari inayokizunguka kisanduku, upana wa safu, rangi ya wino, idadi ya tarakimu zinazoonyeshwa baada ya alama ya desimali, na upande ambao maandishi yameegemea. Kwa neno "thamani" tunakusudia kile hasa kilichohifadhiwa ndani ya kisanduku hicho. Sura na thamani si kitu kimoja. Karani anaweza kuibadili sura bila kuigusa thamani, na msomaji asiyelijua hilo atadhani ameona kila kitu.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linahusu nini taaluma ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba linaihusu sana. Katika Kolwezi na katika miji mingine ya shaba ya Katanga ya zamani, Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi kwa muda unaokaribia karne moja. Hata hivyo, jedwali lililohesabu kazi hiyo halikuandikwa kwa Kiswahili. Mtu aliamriwa kwa lugha moja na kuhesabiwa kwa nyingine. Tutajaribu kuonyesha jinsi hali hiyo ilivyojengeka, jinsi ilivyopita kutoka katika daftari la karatasi hadi katika lahajedwali la kompyuta, na kwa nini sisi wanataaluma wa lugha tunao wajibu katika jambo hili.

2.0 Kabla ya Daftari: Thamani Iliyoonekana kwa Macho

Kabla ya ujio wa kampuni za Kizungu, watu wa eneo hili walikwisha kuwa na namna yao ya kuifanya thamani ionekane. Shaba iliyochimbwa na kuyeyushwa ilimiminwa katika kalibu na kupewa umbo la msalaba. Waakiolojia wameikuta misalaba hiyo katika makaburi ya bonde la Upemba, na inakubalika kwamba kwa muda mrefu ilitumika kama fedha. Aliyeishika aliweza kuipima kwa mkono na kuitambua kwa jicho, maana sura ilikuwa ndiyo thamani, au angalau haikuwa mbali nayo. Kumbukumbu ya mfumo huo haikufutika. Katanga ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake, na msalaba huo ukachorwa pia katika sarafu zake za mwaka 1961.

Aidha, maneno tunayoyatumia leo kuzungumzia hesabu yalifika bara kwa njia ya biashara ya misafara. Dola ya Msiri huko Bunkeya, ambayo iliendelea hadi alipouawa mwezi Desemba 1891, ilifanya biashara na pwani ya mashariki na vilevile na pwani ya magharibi. Maneno daftari, jedwali, safu, mstari, hesabu na thamani yote yana asili ya Kiarabu, na yamekuwa mali ya Kiswahili tangu zamani. Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili kilikosa msamiati wa kulieleza jedwali pale kampuni zilipoingia. Kilichokosekana ni nafasi ya kuutumia msamiati huo.

3.0 Daftari la Kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Kolwezi yenyewe ni mji wa baadaye kidogo. Ulijengwa na kampuni hiyo tangu mwaka 1937 ili uwe makao ya migodi ya magharibi, kama vile Musonoi, Ruwe na Kamoto.

Kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi haiwezi kuwakumbuka kwa nyuso. Hapana budi iwaandike. Kila mfanyakazi alipewa namba, na mbele ya namba hiyo zikafuata safu za mambo yaliyoonekana kuwa ni muhimu: jina, kijiji, chifu, kabila, tarehe ya kuajiriwa, siku zilizofanywa kazi, chakula kilichotolewa. Tangu miaka ya mwisho ya 1920, kampuni ilipoanza kutoa mikataba mirefu zaidi na kuruhusu wafanyakazi waishi kambini pamoja na wake na watoto wao, daftari lilipanuka. Mke alipata kisanduku, na mtoto kadhalika. Posho ya kila juma ilitegemea idadi ya waliomo katika visanduku hivyo. Ambaye hakuandikwa hakuwa na fungu.

Mambo haya hayakuwa ya Katanga peke yake. Katika Kenya, sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Ndani yake palikuwa na nafasi za jina, kabila, alama za vidole, ajira zilizopita na saini ya mwajiri. Mchukuaji alilibeba jedwali lake mwenyewe, lakini hakuruhusiwa kuandika hata neno moja ndani yake.

Katika jedwali la namna hii ni lazima tutofautishe kazi mbili za mstari. Kazi ya kwanza ni kurahisisha usomaji: jicho hufuata mstari na kukutanisha jina na malipo. Kazi ya pili ni kuamua nini kiulizwe. Pakiwa na safu ya kabila, kila mtu atajibiwa kabila, hata yule ambaye wazazi wake ni wa makabila mawili na yeye mwenyewe amezaliwa kambini. Pasipokuwa na safu ya malalamiko, malalamiko hayatakuwapo katika hesabu. Mgomo wa Desemba 1941 huko Elisabethville, uliokomeshwa kwa risasi, ulidai nyongeza ya mishahara. Madai hayo yalisemwa kwa mdomo, uwanjani, kwa sababu katika karatasi za kampuni hapakuwa na mahali pa kuyaweka.

Tusiseme kwamba safu ya kabila peke yake ilizaa uhasama. Siasa za wakati wa uchaguzi, ushindani wa kazi na maneno ya viongozi vilifanya hivyo. Lakini ikumbukwe kwamba mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa papo hapo. Kasai waliyoambiwa warudi hawakuwahi kuiona. Asili yao ilikuwa ni jambo lililorithishwa kutoka karatasi hadi karatasi, vizazi viwili au vitatu, bila kisanduku chochote cha kusema: huyu ni wa hapa.

4.0 Lugha ya Amri na Lugha ya Jedwali

Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyofanywa kuwa lugha ya kazi huko Katanga, na jinsi vijitabu vya msamiati vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu vilivyokuwa na shabaha hiyo. Vijitabu hivyo navyo vilikuwa majedwali: upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili, na mara nyingi Kiswahili hicho kilikuwa cha kuamuru na si cha kuuliza. Lugha iliyopangwa katika safu ya namna hiyo huonekana nyepesi, isiyo na sarufi wala fikra. Edgar Polomé, alipoandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, alikichukua kuwa lugha inayostahili kuelezwa kwa kanuni zake yenyewe. Jambo hilo lilikuwa jibu kwa vijitabu vile, hata kama halikutamkwa hivyo.

Wakati huohuo, lugha ya karani ilikuwa Kifaransa. Kapita aliita majina kwa Kiswahili, karani akaandika kwa Kifaransa. Mfanyakazi alipewa mukanda, kama watu wa huko wanavyoiita karatasi au barua, na aliutambua kwa sura yake: muhuri uko wapi, namba iko upande gani, wino ni wa rangi gani. Wengi waliweza kuisoma sura ya karatasi bila kuyasoma maneno yake. Huo nao ni usomaji, lakini ni usomaji wa mtu aliyewekwa nje ya mlango.

Mfano mmoja wa upande wa pili unastahili kutajwa. Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu walipiga chapa kitabu kidogo kinachofahamika kama Msamiati wa Mji wa Elisabethville, kwa mkono wa André Yav. Fabian alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na uchambuzi. Ingawa jina lake ni msamiati, kitabu hicho ni historia iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga, chenye tahajia isiyofuata kanuni za Zanzibar wala za Dar es Salaam. Watu waliozoea kuandikwa katika safu za wengine walipopata mashine ya chapa, waliandika masimulizi. Tunadhani uchaguzi huo una maana. Masimulizi yana nafasi ya "kwa sababu", kisanduku hakina.

5.0 Sifuri Zilizoishinda Safu

Union Minière ilitaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na shughuli zake zikaishia mikononi mwa shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines. Mwaka huohuo fedha mpya, zaire, ilianza kutumika, zaire moja ikiwa sawa na faranga 1,000 za Kongo. Kwa miaka mingi kazi ya Gécamines iliambatana na nyumba, shule, hospitali na chakula, na wafanyakazi walilitaja shirika kama mzazi. Si ajabu kwamba mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja bana Shaba, yaani wana wa shaba, kuwa wameachwa na baba yao.

Kuachwa huko kunaonekana wazi katika tarakimu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 30,000. Uzalishaji ulivyopungua tarakimu, mishahara iliongezeka tarakimu: mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000, na mwezi Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Katika Kasai zaire mpya ilikataliwa na watu wakaendelea na ile ya zamani. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000.

Mtu aliyewahi kuandika hesabu anajua maana ya mambo haya kwenye karatasi. Safu iliyochorwa kwa ajili ya tarakimu nne au tano haiwezi kubeba tarakimu nane bila kuvuka mstari. Kompyuta hulionyesha tatizo hilo kwa uwazi zaidi: namba ikizidi upana wa safu, kisanduku hujaa alama za reli na namba haionekani kabisa. Thamani bado imo, lakini sura imeshindwa. Katika miaka ile, mfanyakazi alikuwa na kinyume cha hali hiyo: sura kubwa yenye sifuri nyingi, na ndani yake thamani ndogo isiyotosha kununua unga.

6.0 Kisanduku cha Umeme

Lahajedwali la kwanza kuenea katika kompyuta ndogo lilikuwa VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, lililotoka mwaka 1979. Katika programu hiyo ya mwanzo safu zote zilikuwa na upana mmoja, na njia za kubadili sura ya kisanduku zilikuwa chache mno. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, na Excel mwaka 1985 kwa kompyuta za Macintosh, kisha mwaka 1987 kwa Windows. Kadiri miaka ilivyopita, uwezo wa kuipamba sura uliongezeka: aina za herufi, mistari, rangi, na hatimaye, katika Excel ya mwaka 1997, rangi zinazobadilika zenyewe kufuatana na masharti.

Programu hizi zilitenganisha rasmi mambo mawili ambayo karatasi iliyaunganisha. Karani wa karatasi aliyeandika 2 alikuwa ameandika 2. Karani wa lahajedwali anaweza kuhifadhi 2.4 na kuonyesha 2. Tuchukue mfano. Visanduku vitatu vina 2.4 kila kimoja, na vyote vimepangwa visionyeshe desimali. Msomaji ataona 2, 2 na 2, na chini yake jumla ya 7, kwa kuwa jumla halisi ni 7.2. Kompyuta haikukosea, na huenda karani hakudanganya. Lakini anayesoma karatasi iliyochapishwa, asiyeweza kukifungua kisanduku, ana haki ya kushuku.

Katika Lualaba ya leo, ambayo ni jimbo tangu mwaka 2015 na Kolwezi ni makao yake makuu, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu desila mbalimbali za kuandika namba zinakutana mahali pamoja. Kifaransa hutenga desimali kwa mkato. Kiingereza hutumia nukta. Kampuni zilizokuja baada ya sheria ya madini ya mwaka 2002 zilileta wahasibu waliosoma kwa Kiingereza, na baadaye wengi waliosoma kwa Kichina, lugha ambayo huhesabu kwa makundi ya elfu kumi. Andiko 1.250 ni elfu moja mia mbili na hamsini kwa mmoja, na ni moja na robo kwa mwingine. Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo wa mwaka 2003 ulikubali mkato na nukta vyote viwili kuwa alama ya desimali, ukasisitiza kwamba makundi ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu, si kwa nukta wala mkato. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini si kila ofisi inaifuata.

Kosa linaweza kujificha ndani ya sura yenyewe. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa ikiandikiwa 3.5, kwa kawaida haitaiona kuwa namba bali maandishi, na kanuni ya kujumlisha itairuka. Dalili moja tu humwonya mwangalizi: maandishi huegemea kushoto, namba huegemea kulia. Karani akiamua kuweka kila kitu katikati ili jedwali lipendeze, dalili hiyo hutoweka. Urembo umekula ushahidi.

Hayo si mambo madogo kwa watu wanaoishi kwa asilimia. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi huuza mawe yao ya kobalti na shaba kwa bei inayotegemea kiwango cha madini kilichopimwa na kifaa cha mnunuzi, na ugomvi juu ya vipimo hivyo umekuwa wa muda mrefu. Pale jedwali la bei linapopanda kwa ngazi za asilimia nzima, tofauti kati ya 2.9 inayoandikwa 3 na 2.9 inayokatwa kuwa 2 ni mlo wa siku. Halikadhalika, sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwananchi wa sekta au wa himaya ya chifu anayetaka kujua fungu lake ni lazima asome jedwali. Na wafanyakazi 10,655 walioondoka Gécamines mwaka 2003 na 2004 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, baada ya kudai mishahara ya miezi mingi, walilalamika kwa miaka kwamba hesabu ya malipo yao haikuwa sahihi. Walipokea jumla, walichokitaka ni kuoneshwa jinsi jumla hiyo ilivyopatikana.

7.0 Suala la Istilahi

Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye lugha ya Kiswahili, lahajedwali likiwa mojawapo. Hatua hiyo ilithibitisha kwamba kazi inawezekana. Hata hivyo bado tunalo tatizo la istilahi zenyewe. Neno safu hutumika kwa mpangilio wa kwenda chini na pia wa kwenda kando; hivyo hatuna budi kusema safu wima na safu mlalo. Wapo wanaosema seli, neno ambalo mwanafunzi wa biolojia amekwisha kulitumia, na wapo wanaosema kisanduku. Sisi tumechagua kisanduku katika makala hii kwa sababu linamkumbusha msomaji kwamba ndani yake mna kitu, na kwamba kinaweza kufunguliwa.

Pia tusikidharau Kiswahili cha Katanga katika jambo hili. Mtu wa Kolwezi husema mulongo kwa mstari wa vitu au wa watu waliopanga foleni. Neno hilo linafaa sana kwa safu mlalo, maana katika daftari la kampuni safu mlalo ilikuwa ni mtu mmoja aliyesimama katika foleni ya posho. Istilahi zikitungwa pwani pekee na kupelekwa bara zikiwa tayari, tutarudia kosa la vijitabu vya msamiati, safari hii sisi wenyewe tukiwa watunzi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sura ya kisanduku ina historia, na kwamba katika ukanda wa shaba historia hiyo ni ya watu walioandikwa bila kusoma walichoandikiwa. Msalaba wa shaba ulionyesha thamani yake kwa mshikaji. Daftari la kampuni lilionyesha kile mwajiri alichotaka kukiona. Lahajedwali limempa kila mwenye kompyuta uwezo wa kuchora mistari yake mwenyewe, lakini pia limempa uwezo wa kuificha thamani nyuma ya sura kwa wepesi ambao karani wa mwaka 1930 hakuuota.

Mapendekezo yetu ni mawili. Kwanza, mafunzo ya kompyuta yanayotolewa kwa Kiswahili yaanze na tofauti ya sura na thamani kabla ya kufundisha rangi na mistari. Pili, watafiti wa Kiswahili wa Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Lubumbashi washirikiane kukusanya maneno ya hesabu yanayotumika migodini na sokoni, yaingie katika kamusi zetu pamoja na matamshi na tahajia ya wanaoyatumia. Mtu anayepunjwa kwa lugha asiyoisoma hupunjwa mara mbili: mara moja mfukoni, na mara ya pili anaposhindwa kueleza ni wapi hasa hesabu ilipopinda.